Maji yanapotelea wapi? Kisa cha Corolla 110 iliyochemka Kitonga

Gari lilifika gerejini kwangu Ipogolo, Iringa, likivutwa kwa kamba nyuma ya Fuso, Alhamisi saa kumi na moja jioni. Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A-FE, rangi ya fedha iliyopauka juu ya boneti. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu anayeishi Dar es Salaam. Alikuwa anapanda Iringa kwenye shughuli ya kupokea mahari ya mjukuu wake, Jumamosi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu. Hili gari limenichosha. Linakunywa maji kama ng'ombe, na chini halidondoshi hata tone."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nikiandike kisa hiki. Gari linalomwaga maji sakafuni halisumbui sana, unafuata tone mpaka mahali linapotoka. Linalosumbua ni lile linalopungukiwa maji huku chini pakavu. Hapo ndipo watu huanza kununua spea kwa kubahatisha, na Mwalimu alikuwa ameshanunua nyingi.

Jioni ile sikufungua chochote. Boneti ilikuwa bado inaunguza mkono. Nilimpa kiti na chai, nikamwomba anisimulie tangu mwanzo. Nusu ya kazi ya kutafuta kuvuja huwa iko kwenye maelezo ya mwenye gari, mradi umuache aseme bila kumkatiza.

Alisema tatizo lilianza mwaka mmoja nyuma. Kila baada ya siku tatu alikuwa anaongeza maji, chupa moja ndogo. Fundi wa kwanza akabadilisha kifuniko cha rejeta. Haikusaidia. Fundi wa pili akasema rejeta imechoka, wakafunga ya mtumba. Maji yakaendelea kupungua. Wa tatu akabadilisha mpira wa juu, akamwaga ndani unga wa kuzibia matundu, kisha akatoa themostati, ile valvu inayofungua njia ya maji injini ikipata moto, na kuitupa, "ili injini isichemke." Wa nne akamwambia ni gasketi ya silinda hedi, lile bamba jembamba linaloziba kati ya hedi na bloku, ajiandae kushusha hedi. Mwalimu akaogopa gharama, akaamua kuishi na dumu la lita tano kwenye buti. Maji aliyokuwa akiongeza ni ya kisima cha nyumbani kwake. Nikamuuliza kama ni ya chumvi. Akacheka: "Sabuni haitoi povu."

Kilichotokea kwenye mlima wa Kitonga, kabla ya kufika Iringa, alikisimulia vizuri kuliko mafundi wengi ninaowajua. Alikuwa nyuma ya malori mawili yaliyopakia, gia ya kwanza, hakuna mahali pa kupita. Mshale wa joto ukavuka nusu. Kwenye kona iliyofuata ukagusa nyekundu. Kisha ukaanguka chini ghafla, mpaka karibu na baridi kabisa. "Nikamshukuru Mungu," akasema, "nikajua limepoa." Dakika moja baadaye mvuke ukajaa mbele ya kioo.

Mshale ule haukuanguka kwa sababu ya baridi. Kisoma joto cha injini kinatakiwa kizame ndani ya maji. Maji yakipungua kiasi cha kukiacha wazi, kinabaki kwenye mvuke na mapovu, na mvuke hauhamishi joto kwake kama maji yanavyohamisha. Kwa hiyo mshale unashuka wakati injini iko katika hali mbaya kuliko zote. Ukiona mshale umetoka nyekundu na kushuka ghafla bila wewe kusimama, zima injini palepale.

Mwalimu alisimama. Vijana wawili wakaja na dumu la maji, mmoja akakunja kitambaa mkononi afungue kifuniko. Mwalimu akakataa katakata. Aliwaambia gari ni lake na litapoa lenyewe. Alikaa pembeni ya barabara karibu saa nzima. Bila kujua, alijiokoa mara mbili. Kwanza ngozi yake: maji yaliyo juu ya nyuzi 100 chini ya presha, ukiyaachia ghafla sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,500 ya ile ya maji. Pili hedi yake. Hedi ya injini hii ni ya aluminiamu, bloku ni chuma cha kusubu, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukimwagia maji baridi hedi iliyoungua, inajipinda au inapasuka, na hapo ile hadithi ya gasketi inageuka kuwa kweli.

Kwanza kuondoa hofu ya gasketi

Ijumaa asubuhi injini ilikuwa baridi kabisa. Nilianza na gasketi, ingawa sikuiamini sana. Mtu akishaambiwa "shusha hedi" hatulii mpaka umwonyeshe, na kama kweli imeungua hakuna maana ya kutafuta kwingine.

Kijiti cha oili kilitoka na oili nyeusi ya kawaida, bila ule weupe wa chai ya maziwa. Chini ya kifuniko cha oili, hivyo hivyo. Nikajaza rejeta, iliingia lita mbili na nusu, karibu nusu ya maji yote ya mfumo. Plagi nne nikazitoa na kuzipanga mezani kwa mpangilio wa silinda zake. Silinda inayoingiza maji mara nyingi husafisha plagi yake mpaka ikang'aa kuliko wenzake. Hizi zote zilikuwa za kahawia, sawasawa. Kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote nne haikupishana hata paundi 10 za presha.

Nikarudisha plagi, nikaacha kifuniko cha rejeta wazi, nikawasha. Gasketi iliyoungua kati ya silinda na njia ya maji hupuliza gesi kwenye rejeta tangu injini ikiwa baridi: unaona mapovu yanayokuja kwa mpigo, hayaishi, na mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe kabla maji hayajapata hata uvuguvugu. Hapa mapovu machache yalitoka mwanzoni, yakaisha. Mwishoni nikatumia kichupa cha dawa ya buluu kinachovuta hewa ya juu ya maji ya rejeta. Dawa ile hugeuka njano ikikutana na gesi ya moshi. Nilivuta dakika tatu nzima. Ilibaki buluu.

Mwalimu alikuwa amesimama pembeni muda wote, mikono nyuma kama anayesimamia mtihani.

"Kwa hiyo?"

"Hedi haishuki, Mwalimu."

Akavua kofia, akakaa.

Presha kwenye injini baridi

Kwa nini maji hayaonekani chini? Mfumo wa kupooza injini hufanya kazi ukiwa na presha. Kifuniko cha gari hili kimeandikwa 0.9, yaani kinashikilia takribani paundi 13. Presha hiyo ndiyo inayozuia maji yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 119. Gari likiwa limeegeshwa asubuhi, presha ni sifuri, na ufa mdogo hautoi kitu. Barabarani presha inapanda, ufa unatema, na maji yanaangukia chuma cha moto na kukauka kabla hayajafika lami. Unaposimama na kuinama kuchungulia, unakuta pakavu. Kwa hiyo usingoje injini ipate moto ndipo uanze kutafuta. Ipe presha ikiwa baridi, maji yabaki maji, uyaone.

Nina pampu ya mkono yenye geji, inayofungwa mahali pa kifuniko cha rejeta. Si kifaa cha bei ya kutisha, na nashangaa gereji ngapi zinaishi bila hicho. Wapo mafundi wanaotengeneza cha kwao kwa kifuniko chakavu na valvu ya tairi. Kinafanya kazi, mradi usipitishe namba iliyoandikwa kwenye kifuniko. Ukipiga paundi 25 utapasua rejeta nzima na kulaumu uzee wake.

Nikapiga mpaka 13 na kuacha. Baada ya dakika kumi geji ilikuwa inasoma 9. Kwa hiyo kweli kuna mahali maji yanatoka. Rejeta kavu. Mipira ya juu na chini kavu. Nikainua zulia upande wa abiria, maana rejeta ndogo ya hita, ile ya kupasha joto ndani ya gari, ikivuja, maji huingia ndani ya gari na huyaoni nje kamwe. Zulia lilikuwa kavu, nikaridhika. Niliridhika haraka mno, kama itakavyoonekana.

Nikapandisha gari kwenye jeki na stendi, nikafungua kava ya plastiki ya chini. Juu yake palikuwa na maji, kikombe kizima, yaliyochanganyika na vumbi la mwaka. Kumbe gari lilikuwa linadondosha; kava ilikuwa inapokea. Pembeni ya bloku, upande wa mkanda wa alteneta, palikuwa na mchirizi mkavu wa chumvi, mweupe katikati na rangi ya kutu kingoni, ukishuka kutoka usawa wa pampu ya maji.

Pampu ina kitundu kidogo chini ya shafti. Kimewekwa makusudi: sili ya ndani ikichoka, maji yatoke nje yasiingie kwenye beringi. Mchirizi ulipita karibu sana na kitundu hicho. Kijana ninayemfundisha kazi akasema mara moja: "Wota pampu, bosi." Nisingemlaumu. Siku nyingine na mimi ningesema hivyo, tungenunua pampu, na Mwalimu angekuwa na spea ya tano isiyohusika.

Nikamwambia alete mafuta ya taa na brashi. Tukaosha upande wote ule mpaka chuma kikaonekana, tukasuuza kwa maji, tukapuliza kwa upepo wa kompresa mpaka pakauka kabisa. Kisha nikachukua poda ya mtoto, ile ya dukani, nikaipuliza juu ya pampu, chini yake na nyuma yake, pakawa peupe kama ukuta wa chokaa. Presha tena, 13. Tukazima redio, tukasubiri.

Dakika ya nne poda ikaanza kuloa. Si kwenye kitundu. Nyuma ya pampu, mahali ambapo jicho halifiki, palianza kijivu chembamba, kikawa mstari, kikashuka polepole na kuzunguka chini ya pampu mpaka kikapita pale pale kwenye kitundu. Ningeutazama mchirizi ulipoishia, ningeapa ni pampu. Nikaingiza kioo kidogo cha kunyolea na tochi. Kwenye kioo nikaona tone linajikusanya mahali bomba la chuma linapoingia kwenye mgongo wa pampu, linanenepa, linaanguka, lingine linaanza.

Nilimwita Mwalimu aje atazame mwenyewe. Alishika kioo muda mrefu. "Mwaka mzima," akasema.

Bomba lenyewe

Kwenye injini hizi bomba la chuma linapita nyuma ya bloku, upande wa ukuta unaotenganisha injini na dereva, chini ya manifodi ya hewa. Ndilo linalopeleka maji kwenye pampu. Linashikwa kwa flanji yenye nati mbili, na kinachozuia maji ni oringi moja, yaani pete ya mpira. Hakuna anayelikumbuka kwa sababu halionekani. Utalifikia baada ya kutoa mkanda, kijiti cha oili na kava za juu za taiming, na hata hapo unafanya kazi kwa kuhisi na vidole.

Nati ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikuwa imeliwa na kutu. Niliipaka oili ya kupenya na kuiacha mpaka baada ya chakula, kwa sababu nati kama hiyo ukiilazimisha inavunja stadi, na stadi ikivunjikia kwenye pampu ya aluminiamu umejitafutia siku nyingine ya kazi. Ilipoachia, bomba lilitoka na oringi ikiwa imebapa, ngumu kama plastiki, niliikunja ikakatika. Ila oringi haikuwa mkosaji pekee. Ncha ya bomba, pale oringi inapokaa, ilikuwa na vishimo vya kutu, kimoja kirefu kama punje ya mchele kikivuka sehemu yote ya kukalia. Oringi mpya juu ya ncha ile ingeshika miezi miwili, pengine mitatu.

Hapa ndipo maji ya kisima yanapoingia kwenye kisa. Chumvi ndani ya maji hula chuma na aluminiamu, na madini yake huganda kwenye kuta za njia za maji kama magamba ndani ya birika. Watu wengi wanadhani kulanti ni ya nchi za baridi, ya kuzuia maji yasigande, na sisi wa Dar haituhusu. Kulanti ina dawa za kuzuia kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Gari la Mwalimu lilitoka Japani likiwa nayo. Ilivyokuwa inapungua ikajazwa maji, na maji, na maji, mpaka ikabaki maji matupu.

Ukiyaweka haya pamoja, mlima wa Kitonga unaeleweka. Dar es Salaam, kwenye tambarare na foleni, ufa ule ulipoteza chupa moja kwa siku tatu na injini ikavumilia. Mlimani injini inafanya kazi kwa nguvu zake zote kwenye mwendo wa mtu anayetembea, upepo wa mbele hakuna, feni peke yake ndiyo inayopooza. Presha inayotakiwa kushikilia maji inatorokea nyuma ya pampu. Na kadiri unavyopanda juu, ndivyo maji yasiyo na presha yanavyochemka mapema: Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, sufuria inachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kati ya maji yenye presha na maji yasiyo nayo ndipo usalama wa gari hili ulipokuwa, na ulipotea wote kupitia kishimo cha punje ya mchele.

Kupata bomba ilikuwa kazi. Iringa tulipata mawili ya mtumba, yote yameoza ncha. Nilifikiria kwenda kwa fundi wa mashine ya kuchonga akate ncha mbovu, achonge nyingine, tuiunge kwa shaba. Imewahi kunifaa. Lakini bomba lile ni jembamba na limepinda, na kuungia karibu na mahali pa oringi kunataka mkono safi sana. Nikampigia mtu wa spea wa Gerezani, Dar es Salaam, akapata moja zima, na oringi mbili, ya bomba na ya pampu. Akapeleka kwenye basi jioni. Mwalimu akaenda kwenye shughuli yake kwa bajaji. Bei ya oringi haikufika sahani ya wali na maharage.

Tulipokuwa tunasubiri, nilikagua pampu. Shafti haikuwa na mchezo hata kidogo, ilizunguka kimya, kitundu chake kikavu. Wapo watakaosema ukishafika pale weka mpya. Kwenye injini ambayo pampu inazungushwa na taiming belti ningekubali bila kubisha, maana kuifikia tena ni kazi kubwa. Kwenye 5A-FE pampu inazungushwa na mkanda wa nje. Nilimpa Mwalimu uamuzi, nikamwambia ningekuwa mimi ningeiacha, nikabadilisha oringi yake tu. Akaiacha.

Rejeta ilitoa tope la kahawia kama ugali mwepesi: ule unga wa kuzibia. Haukuziba ufa, maana ufa ulikuwa kwenye oringi, ila uliziba baadhi ya mirija midogo ya rejeta. Tuliisuuza kwa maji kinyumenyume, kutoka chini kwenda juu, kisha injini nayo, mpaka maji yakatoka meupe.

Kufunga, na ufa wa pili

Mahali pa oringi kwenye pampu nilipasugua kwa msasa laini wa maji. Oringi niliipaka maji ya sabuni ili iteleze. Usipake grisi. Mipira mingi ya njia za maji huvimba na kulegea ikigusana na mafuta ya aina hiyo. Wala usipake silikoni "kwa usalama". Kipande kikikatika kinaenda kuziba rejeta.

Themostati ilirudi. Nilinunua mpya ya nyuzi 82 na kuiweka kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, ikining'inia kwa uzi ili isiguse chini, na kipimajoto pembeni. Mwalimu, aliyekuwa amerudi kutoka kwenye shughuli na shati lake jeupe, alitazama ikifunguka polepole kwenye 83. "Na ile niliyoambiwa haina kazi?" Nikamweleza. Bila themostati injini inakawia kupata joto lake la kazi, inakula mafuta zaidi na oili inachafuka mapema. Na kwenye baadhi ya injini maji hupata njia ya mkato na kurudi kwenye bloku bila kupita rejeta, kwa hiyo gari linaweza kuchemka kwa sababu ya kitu kilichotolewa ili lisichemke.

Tukajaza kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyoondolewa madini, yale ya betri yasiyo na asidi. Muulize muuzaji mara mbili, kwa sababu chupa zinafanana. Dumu la kulanti lililobaki nilimwambia alifunge vizuri na kuliweka juu: ina ladha tamu na ni sumu, mtoto au mbwa anaweza kuinywa. Pua ya gari tuliielekeza mlimani, kifuniko wazi, injini ikawaka mpaka feni ikazunguka na kuzima mara mbili, hewa yote ikatoka.

Presha kwenye baridi: 13, na baada ya dakika ishirini bado 13. Nilifurahi. Nikapanda na gari Iringa mjini na kushuka mara tatu, nikarudi, nikafungua boneti, na nikasikia harufu tamu ya kulanti ya moto.

Kwenye ukuta nyuma ya injini, mipira miwili ya hita ilikuwa imeunganishwa kwa kipande kifupi cha mpira. Hita ilikuwa imepigwa baipasi zamani, na upande mmoja umefungwa kwa waya badala ya klipu. Ndiyo maana zulia lilikuwa kavu: hakuna maji yaliyokuwa yanapita ndani. Zulia lile halikuwa ushahidi wa chochote, na mimi nililihesabu kama ushahidi. Mpira ulipokuwa baridi na mgumu, waya ulishika paundi 13. Ulipopata moto ukalainika, na sasa mfumo ulikuwa na presha kamili ambayo haukuwa nayo kwa mwaka mzima, ukaanza kutoa jasho pale. Tangu siku hiyo napima mara mbili, baridi na moto, na nafuata kila mpira kwa mkono toka mwanzo hadi mwisho kabla sijasema sehemu fulani ni nzima.

Mpira mpya wa kipimo sahihi, klipu mbili za skrubu. Rejeta ya hita sikuirudisha kwenye njia. Ilikuwa tupu kwa miaka na sikujua itavuja wapi, na Mwalimu hakuihitaji. Tukapima moto, tukapima baridi.

Jumatatu tulishuka naye Kitonga mpaka chini, tukageuza, tukapanda nyuma ya lori la mbao, gia ya kwanza, kiyoyozi kimezimwa. Mshale ulisimama chini kidogo ya nusu na haukutikisika. Nilikuwa nimebandika utepe mweusi kwenye chupa ya akiba, usawa wa maji ya baridi. Nilimpa sharti moja tu: kila Jumapili asubuhi, kabla ya kuwasha, atazame utepe.

Amenipigia mara nne tangu arudi Dar. Utepe na maji bado viko sawa. Mara ya mwisho alisema anasikia mlio mwembamba upande wa mkanda injini ikiwa baridi, unaoisha baada ya dakika moja. Inaweza kuwa mkanda umelegea, na nimemwambia amwone fundi wa karibu aukaze. Inaweza pia kuwa beringi ya pampu niliyomshauri aiache. Atapanda Iringa kwenye harusi mwezi wa kumi na mbili, na nitamfungulia mkanda niisikilize kwa mkono wangu.